Kadi ya krediti yenye bonasi kwa mshahara wa kawaida: mwongozo wa mtu wa Mombasa

Maswali ni yale yale kila mara. Mshahara wangu ni elfu thelathini na kitu, nitapewa kadi ya krediti? Hizi pointi za kukaribishwa ni za kweli? Niliomba nikakataliwa, shida ilikuwa wapi? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kuangalia jina lako CRB (mashirika yanayoweka kumbukumbu za madeni ya watu) mpaka pointi zimeingia. Umeandikwa kwa mkaazi wa Mombasa mwenye mshahara wa kawaida au biashara ndogo, ambaye pesa zake nyingi hupitia M-Pesa.

Kabla ya yote, lishike hili: bonasi humfaidi anayelipa deni lote kila mwezi, basi. Ukiburuta deni miezi minne mitano, benki imesharudisha zawadi yake mfukoni. Hesabu iko katika hatua ya 3. Ukiifanya ukaona haikutoshi, ishia hapo. Utakuwa hujapoteza hata shilingi.

Jingine ni video za Marekani kuhusu kadi za krediti. Kule mtu huahidiwa bonasi kubwa akitumia dola elfu kadhaa ndani ya miezi mitatu, na wapo wanaofungua kadi moja baada ya nyingine kwa ajili hiyo tu, hadi benki ya Chase ikajulikana kwa kumkataa aliyefungua kadi tano au zaidi ndani ya miezi 24. Alama zao za FICO, za kupima ulipaji wa madeni, kuanzia 300 hadi 850, hazisomwi na benki ya Kenya. Hapa kwetu bonasi ni ndogo: pointi chache za kukaribishwa, kurudishiwa sehemu ya ulichotumia, au kusamehewa ada ya mwaka wa kwanza. Usiidharau hiyo ya mwisho. Kwa mwenye kipato kidogo, mara nyingi ndiyo bonasi bora kuliko zote.

Vitu vya kuandaa

- Kitambulisho cha taifa na nakala yake.
- Cheti cha PIN ya KRA.
- Slipu za mshahara za miezi mitatu ya mwisho. Kama kazini zinachapishwa kwa kompyuta bila saini, ziombee muhuri.
- Taarifa ya akaunti ya benki ya miezi sita.
- Barua ya mwajiri inayotaja tarehe uliyoanza kazi na kama umeajiriwa moja kwa moja au kwa mkataba.
- Kwa mfanyabiashara: leseni ya kaunti, ushahidi kwamba umewasilisha ritani zako KRA (mwisho wake kila mwaka ni tarehe 30 Juni), na taarifa ya M-Pesa. Hiyo ya M-Pesa huombwa kwa *334# na hutumwa kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri. Ifungue na uichape mapema.
- Akiba ya kulipa angalau matumizi ya mwezi mmoja, iliyokaa kando.

Baada ya hapo, weka kitambulisho, slipu na cheti cha PIN mezani na usome majina herufi kwa herufi. Hapa Pwani hili huangusha maombi mengi yasiyo na kasoro nyingine. Kitambulisho kimeandikwa Mohamed, slipu inasema Mohammed, KRA ina Muhammad. Au kitambulisho kina majina matatu na akaunti ya benki imeacha la babu. Afisa wa benki anaweza kukuelewa, lakini mfumo hulinganisha herufi, na zisipooana fomu hurudishwa au hukaa bila jibu. Kitambulisho ndicho cha kufuatwa. Slipu hurekebishwa na ofisi ya wafanyakazi kazini kwako. PIN hurekebishwa kwenye iTax au kwa wahudumu wa KRA pale Huduma Centre, Digo Road. Malizia hayo kwanza, hata kama yatakuchelewesha mwezi.

Hatua ya 1: Jitazame CRB kabla benki haijakutazama

Kenya ina mashirika matatu ya CRB yenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka kila shirika. Metropol hufikiwa kwa *433# au programu yao ya simu. Hao wengine wana tovuti. Usiridhike na shirika moja, kwa kuwa kumbukumbu zao huweza kutofautiana na hujui benki yako itauliza lipi.

Ukiipata ripoti, tafuta mambo matatu. Kwanza, deni lolote lililopita siku 90 bila kulipwa, kwa kuwa hapo ndipo mkopo huhesabika kuwa mbovu. Pili, akaunti usiyoitambua. Tatu, deni ulilomaliza ambalo bado linaonyeshwa kuwa liko wazi. Mara nyingi kinachowaharibia watu jina ni vijikopo vya simu vilivyosahauliwa: M-Shwari ya laini iliyotupwa, au mkopo wa programu iliyofutwa kwenye simu. Kufuta programu hakufuti deni.

Kanuni za CRB za mwaka 2020 zinazuia kuorodheshwa vibaya kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Zaidi ya hapo, lipa, omba barua ya kumaliza deni, kisha mtake mkopeshaji apeleke taarifa mpya CRB. Historia ya kuchelewa hubaki miaka mitano baada ya kulipa, ila itasomeka kuwa deni limelipwa, na tofauti ya hayo mawili mbele ya afisa wa mikopo ni kubwa.

Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kukamilisha malipo salio lisipotosha, nayo ina lake. Mtu hujiona hana deni kwa sababu kila pesa ikiingia Fuliza hujilipa. Lakini taarifa ya M-Pesa inayoonyesha Fuliza kila siku ya pili humwambia benki kwamba mshahara haukufikishi mwisho wa mwezi. Kaa miezi mitatu bila kuigusa kabla ya kuomba.

Hatua ya 2: Isome slipu yako kwa jicho la benki

Benki haitazami mshahara ghafi peke yake. Chukua mfanyakazi wa hoteli ya Nyali mwenye mshahara ghafi wa 38,000, wote ukiwa wa msingi. Baada ya NSSF, SHA ya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 na kodi ya PAYE, kwa viwango vya 2025 hubaki na takriban 31,500. Tuseme SACCO humkata 9,000 na HELB 3,000. Mkononi anabaki na 19,500.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, hairuhusu makato yote kupita theluthi mbili ya mshahara, na benki huutumia mpaka huo kama kipimo hata kwa madeni yasiyokatwa kazini. Theluthi ya 38,000 ni kama 12,670. Kwa hiyo nafasi iliyobaki kwa deni jipya ni 19,500 kutoa 12,670, yaani 6,830 hivi kwa mwezi. Kadi yenye kikomo (kiasi cha juu unachoweza kukopa) cha 50,000, ambayo kila mwezi lazima ulipe angalau asilimia 10 ya deni, inahitaji 5,000 kwa mwezi ikijaa, nayo inaingia. Ya 100,000 inahitaji 10,000, haiingii. Ukiomba ya laki moja huenda ukakataliwa, na aliyeomba ya 40,000 kwa mshahara huo huo akapewa.

Hata benki ikiwa tayari kukupa zaidi, kwa usalama wako omba kikomo kisichozidi mshahara wako wa mkononi wa mwezi mmoja. Bonasi haiongezeki kwa sababu kikomo ni kikubwa.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya bonasi kwa kalamu

Hapa usiharakishe. Huu ni mfano. Weka tarakimu za kadi unayoitaka.

Benki inaahidi pointi 5,000 ukitumia shilingi 60,000 ndani ya siku 90. Uliza pointi moja ni shilingi ngapi ukinunua vocha ya dukani, si ukinunua tiketi ya ndege daraja la biashara. Tuseme ni senti 50. Bonasi basi ni shilingi 2,500. Ada ya mwaka ni 3,000, na ushuru wa serikali huongezwa juu ya ada. Ada ikitozwa tangu mwaka wa kwanza, umeanza na hasara ya zaidi ya 500. Ikisamehewa, una faida ya 2,500 na hapo kadi inafaa kuzungumziwa.

Sasa upande wa matumizi. 60,000 kwa siku 90 ni 20,000 kwa mwezi. Orodhesha matumizi yako halisi na kando ya kila moja andika kama linaweza kulipwa kwa kadi. Kodi ya nyumba Kisauni, 8,000: mwenye nyumba anataka M-Pesa, haihesabiki. Matatu na tuktuk: haihesabiki. Kongowea na Marikiti, mboga, samaki, nazi: haihesabiki. Tokeni za stima na karo: kwa kawaida hupitia nambari ya Paybill, hazihesabiki. Kinachobaki ni supamaketi 7,000, petroli ya pikipiki 4,000, duka la dawa 1,500. Jumla ni 12,500 kwa mwezi, 37,500 kwa siku 90. Umepungukiwa na 22,500.

Pengo hilo ndilo mtego. Mtu huenda Moi Avenue akanunua televisheni ya 22,500 ambayo hakuwa na mpango nayo, apate bonasi, kisha anailipa 5,000 kila mwezi. Riba ikiwa asilimia 3.5 kwa mwezi, mambo huenda hivi:

- Mwezi wa kwanza: riba 787, akilipa 5,000 hubaki 18,287.
- Wa pili: riba 640, hubaki 13,927.
- Wa tatu: riba 487, hubaki 9,415.
- Wa nne: riba 330, hubaki 4,745.
- Wa tano: riba 166, anamaliza.

Jumla ya riba ni kama 2,410. Bonasi ilikuwa 2,500. Miezi mitano ya deni kwa faida ya shilingi 90, na hapo hajachelewa hata siku moja. Akichelewa mara moja, ada ya kuchelewa inaila hiyo 90 na kuendelea.

Njia halali za kuziba pengo ni tatu. Tafuta kadi yenye sharti dogo, au isiyo na sharti la matumizi bali msamaha wa ada. Subiri wakati ambapo una ununuzi mkubwa uliokwisha wekewa pesa: friji, vitabu na sare za Januari, nguo za watoto za Idi. Au lipia kwa kadi vitu vya nyumba ambavyo ndugu yako angevinunua kwa pesa taslimu, akupe pesa yake papo hapo, siyo mwisho wa mwezi. Nguo za Idi zina kasoro moja: maduka mengi ya Biashara Street hupokea taslimu na M-Pesa tu, kwa hiyo uliza kama kuna mashine ya kadi kabla hujaziweka kwenye hesabu.

Hatua ya 4: Chagua kadi, na uulize haya kwa maandishi

Benki nyingi zina matawi karibu karibu Nkrumah Road, Moi Avenue na Nyali, kwa hiyo unaweza kuzunguka tatu kwa asubuhi moja. Nenda katikati ya mwezi. Mwisho wa mwezi hakuna afisa mwenye muda wa kukusikiliza. Kuuliza si kuomba. Usisaini kitu siku hiyo, kwa kuwa kila ombi huacha alama ya kuulizwa CRB, na maombi matatu ya wiki moja huonekana kama mtu aliyebanwa.

Peleka maswali haya kwa barua pepe ili majibu yabaki:

- Siku 90 za bonasi zinaanza lini: kadi ikiidhinishwa, ikitolewa, au nikiiwasha? Kadi ikikaa wiki tatu tawini kabla hujaichukua, jibu hili linaweza kukunyima robo ya muda wako.
- Matumizi gani hayahesabiki? Kutoa pesa ATM, kuhamisha kwenda M-Pesa, kamari, na mara nyingi bili hazimo.
- Ada ya mwaka imesamehewa kweli, au hutozwa kwanza kisha hurudishwa?
- Siku zisizo na riba ni ngapi? Ukisikia hadi siku 50, jua kwamba 50 ni kwa aliyenunua siku moja baada ya taarifa ya mwezi ya kadi kutoka. Aliyenunua siku moja kabla yake hupata 20 hivi.
- Nisipolipa yote, riba huhesabiwa kwa salio lililobaki, au kwa kila kitu tangu siku niliyonunua? Kadi nyingi hufuata hiyo ya pili.
- Pointi zinakufa baada ya muda gani?

Kwa Mwislamu, suala si hesabu peke yake. Mkataba wa kadi ya kawaida una kifungu cha riba hata kama utalipa kwa wakati kila mwezi. Benki za kufuata sharia, kama Gulf African Bank na Premier Bank ambayo zamani iliitwa First Community Bank, ndizo za kuulizwa kwanza kama zina kadi ya ada isiyobadilika badala ya riba. Msomeshe mkataba shekhe unayemwamini kabla hujasaini.

Hatua ya 5: Kama huna slipu, tumia kadi ya dhamana

Hatua hii ni kwa kibarua wa bandarini, fundi, mama mwenye kibanda, mfanyakazi wa hoteli wa msimu. Benki kadhaa hutoa kadi kwa dhamana ya amana: unaweka, tuseme, 30,000 kwenye akaunti ya muda maalumu, benki inaifunga, na unapewa kadi yenye kikomo cha kiasi hicho au pungufu kidogo. Uliza kama amana inaendelea kupata faida ikiwa imefungwa, na kama kadi hiyo inastahili bonasi, nyingine hazistahili. Hata bila bonasi, mwaka mmoja wa kulipa kwa wakati huingia CRB na kukufungulia mlango wa kadi ya kawaida.

Amana hulindwa na KDIC, shirika la serikali la bima ya amana, hadi shilingi 500,000 benki ikianguka. Hailindwi na deni lako mwenyewe: usipolipa, benki itaikata.

Hatua ya 6: Panga wakati

Kwa wa hoteli, Aprili hadi Juni mvua ikinyesha wageni hupungua, wengine hupewa likizo bila malipo. Usiombe kadi Machi. Omba Oktoba, ili siku 90 ziangukie Desemba na ununuzi wa shule wa Januari, wakati pesa inaingia. Mwenye mshahara usiobadilika aangalie ununuzi wake mkubwa uko mwezi gani.

Omba pia tarehe ya taarifa inayolingana na siku yako ya mshahara. Ukilipwa tarehe 30, tarehe ya mwisho ya kulipa kadi iwe kati ya 3 na 7. Ikiwa tarehe 25, kila mwezi utakuwa unalipa deni na mfuko mkavu.

Hatua ya 7: Jaza fomu

Andika kipato kilicho kwenye slipu, si unachotarajia baada ya nyongeza. Taja mikopo yote, maana CRB itaitaja. Anwani iwe ya mahali unapopatikana kweli; "Bamburi, nyuma ya msikiti" haitoshi, weka jina la jengo au barabara. Mweleze mtu wa ofisi ya wafanyakazi kwamba benki itapiga simu. Maombi mengi hufa kwa sababu aliyepokea simu kazini alisema hamjui mwombaji.

Kwenye fomu kuna kisanduku kidogo cha maagizo ya kukata pesa kwenye akaunti yako. Hukupa chaguo mbili: malipo ya chini au salio lote. Wahudumu wengine huweka tiki kwenye malipo ya chini bila kukuuliza, na wewe unasaini. Matokeo yake ni kwamba kila mwezi benki hukata asilimia 10, unaamini umelipa, na riba inakimbia kwenye asilimia 90. Weka tiki mwenyewe kwenye salio lote, andika 100% kando yake, na upige picha ukurasa huo kwa simu.

Onyo: usimpe mtu yeyote pesa ya kuharakisha, wala usimfuate anayetangaza kadi bila CRB kwenye WhatsApp. Benki haichukui ada ya kuidhinisha kupitia nambari ya simu ya mtu. Nambari ya siri ya muda inayokuja kwa SMS hasomewi mtu, hata akisema anapiga kutoka benki.

Hatua ya 8: Kadi ikifika

Iwashe, badili PIN, washa ujumbe wa kila muamala. Mwulize afisa tarehe kamili ya mwisho ya bonasi na uiandike. Nunua kitu kidogo cha dukani siku hiyo kuhakikisha inafanya kazi.

Hatua ya 9: Fikia kiwango bila kujiumiza

Kila unapotumia kadi, hamisha kiasi hicho hicho kutoka M-Pesa au akaunti ya mshahara kwenda akaunti inayokatwa, jioni hiyo hiyo. Ukinunua vitu vya 1,840 Naivas, hamisha 1,840. Jambo hili moja linaondoa karibu hatari yote ya kadi, kwa kuwa siku ya kukatwa pesa ipo.

Lenga kufikisha kiwango wiki mbili kabla ya mwisho, na uzidishe kidogo: 63,000 badala ya 60,000. Muamala wa siku ya mwisho unaweza kuandikwa benki siku mbili baadaye ukawa nje ya muda, na kitu ukikirudisha dukani kiasi chake hutolewa kwenye hesabu.

Duka likikuongezea asilimia 3 kwa kulipa kwa kadi, lipa kwa M-Pesa. Hakuna pointi inayofidia asilimia 3. Kununua mtandaoni kwa dola nako huongeza gharama ya kubadilisha fedha.

Kutoa pesa taslimu kwa kadi ya krediti usikufanye kabisa. Ada hukatwa papo hapo, riba huanza siku hiyo hiyo bila siku za msamaha, na pointi huzipati.

Hatua ya 10: Tumia pointi, kisha amua

Pointi zikiingia, zitumie kwa vitu ambavyo ungevinunua vyovyote vile, kama vocha ya supamaketi. Usiziweke zikue, benki inaweza kubadilisha thamani yake. Mwezi wa 11 kaa na hesabu tena: mwaka wa pili ada italipwa, bonasi haipo. Kama pointi za kawaida za mwaka hazifiki ada, omba ada isamehewe, na ukikataliwa funga kadi kabla haijatozwa.

Yakiharibika

*Nimekataliwa.* Omba sababu kwa maandishi. Kama ni CRB, benki ikuambie ni shirika gani. Rekebisha, kisha subiri miezi mitatu kabla ya kuomba tena. Kuhamia benki ya pili siku hiyo hiyo kunaongeza alama za kuulizwa tu.

*CRB ina deni lisilo langu.* Wasilisha pingamizi kwa shirika lenyewe na nakala kwa mkopeshaji aliyetajwa, pamoja na kitambulisho. Pingamizi halilipiwi.

*Bonasi haijaingia.* Hesabu miamala iliyokubalika, ondoa bili, M-Pesa na ATM. Kama bado umefikisha, peleka barua pepe yenye orodha ya miamala na majibu ya hatua ya 4. Dai benki kwanza. Wakikaa kimya, lalamika Benki Kuu, yenye tawi Nkrumah Road.

*Kadi imekataliwa kwenye mashine.* Mara nyingi haijawashwa, kikomo kimejaa, au benki imeizuia kwa kuona matumizi yasiyo ya kawaida. Piga nambari iliyo nyuma ya kadi, siyo nambari uliyoipata mitandaoni.

*Mwezi huu siwezi kulipa yote.* Lipa zaidi ya kiwango cha chini, na ulipe kabla ya tarehe, hata kama ni siku moja. Kisha weka kadi ndani na usiitumie mpaka salio lifike sifuri, kwa sababu ukiwa na deni la zamani kila ununuzi mpya huanza na riba.

*Kazi imesimama, siwezi kulipa kabisa.* Nenda benki kabla siku 90 hazijafika na uombe kupangiwa upya malipo. Kabla ya siku hizo una nafasi ya kuzungumza. Baada yake deni limeshakuwa bovu, na benki iliyokupa notisi itakuorodhesha. Jua pia kwamba kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki huzuia riba kupita kiasi cha deni lililokuwepo siku lilipokuwa bovu. Ukiona umedaiwa zaidi ya hapo, taka mchanganuo wa hesabu.

*Nimefunga kadi, bado napata taarifa ya deni.* Kuikata kadi kwa mkasi hakuifungi. Lipa salio lote na riba ya siku zilizobaki, andika barua ya kufunga, pata barua ya benki inayosema salio ni sifuri na akaunti imefungwa, kisha baada ya miezi miwili itazame CRB uone imeandikwa hivyo.